Apu gani nieke? Mwongozo wa kupanga kazi zako kwa simu ukiwa Lamu

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Kaka weye wajua mambo ya simu, niekee apu ya kupanga maisha yangu." Huyu nahodha, yule wa kupaka watu hina, mwengine mwalimu, mwengine mitihani imemkaribia na bado ashinda TikTok hadi usiku wa manane. Basi nimeandika mara moja yaishe, ukiniuliza tena ntakutumia hii, usinikasirikie.

Kabla hatujaanza elewa jambo moja. Apu haikufanyii kazi, apu yakumbuka tu, yakuhesabia, yakupigia kengele, lakini kwenda Mokowe kuchukua mzigo ni wewe na nauli yako. Kwa hivo hatuanzi kwa kutafuta apu "nzuri", twaanza kwa kujua ni kazi gani inayokuponyoka. Watu wengi hupakua kwanza, wakishapakua ndio watafuta cha kufanya nayo, na ndio maana simu imejaa na mambo bado yako vilevile.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu ya Android ambayo haijafa. Ya RAM ya gigabaiti 2 yatosha. Wa iPhone nanyi hatua ni zilezile, majina ya setingi tu ndio yatatofautiana.
- Akaunti ya Google ambayo paswadi yake WAIJUA WEWE. Hapa mjini akaunti nyingi zilifunguliwa na aliyeuza simu, paswadi anayo yeye au hana mtu yeyote. Kama ndio hali yako, anza na hiyo leo. Badilisha paswadi, eka namba yako ya simu kama namba ya kuirudisha akaunti, ikishindikana fungua mpya.
- Nafasi kwenye memori, gigabaiti moja au mbili hivi. Huna? Ruka uende chini kwenye matatizo kisha urudi.
- Bando kidogo au wifi ya jirani mwema.
- Chaji. Usianze mbingu imejiinamia na stima yatishia kwenda.
- Karatasi na kalamu. Ndio, karatasi. Usicheke.
- Nusu saa ya utulivu, baada ya Isha watoto wakilala ni wakati mzuri.

Hatua zenyewe

1. Andika kwenye karatasi vitu vilivyokuponyoka wiki hii.

Usiandike "nataka nidhamu" au "nataka kujipanga", hayo hayana apu. Andika kitu kilichotokea kweli. Chukua mfano wa dada mpaka hina wa Shela msimu wa harusi, karatasi yake itakuwa hivi: bi harusi wa Jumamosi nimemwambia saa nane, na mgeni wa hoteli pia nimemwambia saa nane. Sikumbuki nani katoa arbuni na nani bado. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, imekwisha nimegundua niko kazini tayari. Nimekaa Instagram kutafuta maua mapya ya kuchora, nimetoka huko Maghrib.

Mambo manne, na kila moja lataka dawa yake. La kwanza lina saa maalumu, hilo ni la kalenda. La pili ni hesabu ya pesa. La tatu halina saa ila lisisahaulike, hilo ni la orodha. La nne ni simu yenyewe inakula muda, na hapo huongezi apu, unafunga apu. Karibu kila kitu utakachoandika kitaangukia moja ya hizi nne, kalenda, pesa, orodha, kufunga. Tia alama pembeni ya kila mstari, kisha angalia alama gani imejirudia sana. Hapo ndipo unapoanzia, nyengine zitangoja.

2. Fungua simu uangalie kilichomo tayari.

Simu nyingi za Android huja na Kalenda ya Google, Saa, na Keep ya kuandika notisi, au kama Keep haimo ni ndogo na ya bure. Kwa nusu ya watu wanaoniuliza hizo tatu zatosha kabisa na hawahitaji kupakua kitu. Najua si jibu tamu, mtu ataka aambiwe jina la apu mpya yenye rangi. Lakini apu ya saa iliyomo kwenye simu yako hailipishi, haina matangazo, na haili bando.

WhatsApp pia unayo. Tangu mwisho wa 2022 waweza kujitumia ujumbe mwenyewe, jitafute kwenye orodha ya namba zako utajiona hapo juu, jiandikie. Kama wewe si mtu wa apu mpya, hiyo ndio orodha yako, ibane juu kabisa ya mazungumzo isizame chini ya makundi ya ukoo.

3. Nyosha mambo ya saa kabla hujaingiza chochote.

Hapa ndipo wengi huanguka, na miongozo ya Kizungu haitakwambia maana wao hawana shida hii. Simu haijui saa zetu. Ukiambiwa saa kumi jioni ukaandika 10, simu itakuamsha saa nne, ya asubuhi au ya usiku, vyovyote vile mgeni ashaenda na chombo cha mtu mwengine. Ingia setingi, tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24, kisha shika hesabu hii:

- Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa saba mchana 13:00, saa kumi jioni 16:00.
- Saa moja usiku mpaka saa tano usiku, ongeza 18. Saa mbili usiku ni 20:00.
- Saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, toa 6. Saa kumi alfajiri ni 04:00.

Iandike nyuma ya ile karatasi, utaizoea haraka.

Sasa kuna hili la siku. Ukialikwa maulidi usiku wa Ijumaa, kwetu hiyo ni Alhamisi jua likishazama. Kalenda ya simu siku yake yaanza saa sita usiku, haijui habari ya Maghrib. Ukieka Ijumaa 20:00 utafika ukute mikeka ishakunjwa na biriani ishaliwa. Na zile miadi zetu za "baada ya Alasiri" usiziache hivohivo, zipe saa, eka 16:15 na kwenye kichwa cha habari andika "baada ya Alasiri" ili ujue mwenyewe ulikusudia nini. Kama miadi ni na mtu wa Nairobi au mgeni, andika zote mbili, "saa kumi / 16:00", na umtumie hivohivo, mzozo wa saa nne na saa kumi umeshaharibu safari nyingi sana hapa.

Kalenda ya Google yaweza pia kuonyesha tarehe za Hijria pembeni, ingia setingi zake za jumla utafute kalenda mbadala. Ni nzuri kwa kupanga Ramadhani, na kwa wenye nyumba za wageni Mfungo Sita Maulidi ikikaribia. Ila ile ni hesabu ya kompyuta, mwezi ukiandama tofauti itakuwa mbele au nyuma siku moja, kwa hivo usimwandikie mtu tarehe ya Idi kwa kutegemea simu.

4. Chagua apu MOJA kwa lile tatizo kubwa.

Moja. Ukiwa na tatizo la miadi, Kalenda ya Google, basi. Waweza kutengeneza kalenda mbili ndani yake, ya kazi rangi moja na ya nyumbani rangi nyengine, na ya kazi ukaishea na mwenzako, kwa mfano anayeangalia nyumba ya mgeni Shela na mwenye nyumba aliyeko Ulaya wakaona kalenda moja, nani aingia lini na nani atoka lini, bila kupigiana simu usiku.

Ukiwa na tatizo la orodha, Keep kama wataka kitu chepesi, au Microsoft To Do kama wataka orodha zinazojirudia, mfano "lipa token ya stima" kila mwezi au "kagua boya na kamba" kila Jumapili. Todoist na TickTick nazo nzuri, toleo la bure lamtosha mtu wa kawaida. Notion nasikia mabarobaro wa chuo wakiisifu sana, ni nzuri kweli, lakini kwa mtu anayetaka kukumbuka kununua piko na mafuta ya injini ni kujitafutia kazi ya pili.

Ukiwa mfanyabiashara na wateja wako wote wako WhatsApp, hamia WhatsApp Business, ni bure. Ina lebo, waweza kumtia mteja lebo ya "katoa arbuni", mwengine "bado", mwengine "kazi imekwisha", na ina majibu ya haraka ili usiandike bei ileile kwa kila anayeuliza. Fanya bakapu kabla ya kuhama. Dada wa hina, shida yako ya pili imekwishia hapo, hukuhitaji apu ya hesabu.

Kama pesa ndio tatizo lenyewe na si la wateja, M-Pesa yenyewe yaweza kukupa taarifa ya miezi iliyopita, soma hiyo kwanza kabla hujapakua apu ya bajeti. Utashangaa. Halafu ukitaka kuandika matumizi ya pesa taslimu, tumia faili ya Google Sheets yenye safu tatu, tarehe, kitu, bei. Ziko apu za hesabu zinazosoma meseji zako za pesa zenyewe ili usichoke kuandika, hizo ngoja tufike hatua ya sita.

Wanafunzi. Mwaniuliza sana habari ya apu za kusoma dakika 25 kupumzika 5. Huo mtindo unaitwa Pomodoro, aliuanzisha Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Saa ya jikoni! Kwa hivo taima iliyomo kwenye simu yako yatosha, eka dakika 25 kisha simu iweke chumba chengine. Kama huwezi kujizuia kuishika, Forest ni apu inayopanda mti ukiiacha simu na mti unakufa ukitoka kwenda apu nyengine, wengine yawasaidia.

Na wenye vyombo. Apu za maji kujaa na kupwa ziko nyingi, angalia mambo mawili tu. Kwanza kituo, iwe ni Lamu au Malindi kwa jina, kuna zinazokupa maji ya Mombasa bila kukwambia. Pili saa zake, kama yaonyesha UTC, ile saa ya dunia, ongeza 3. Halafu usije ukaeka "maji kujaa 07:00" ikajirudia kila siku kwenye kalenda, maji yachelewa kama dakika 50 kila siku, wewe wajua hilo kuliko mimi, lakini simu ukiiambia "kila siku" itatii tu. Kila safari iwe na saa yake. Ukiwa wapita mkondo wa Mkanda kwenda upande wa Pate, eka kwenye kalenda saa ya maji juu kwanza, kisha saa ya kuondoka uitoe hapo. Na bamvu (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) apu zitakuonyesha kwa mita lakini upepo hazijui, macho yako bado yana kazi.

5. Ijaribu bila mtandao.

Usiruke hatua hii. Washa hali ya ndege. Fungua apu, andika kitu, eka kikumbusho cha dakika tano zijazo, ifunge apu kabisa, kisha ungoje. Kikumbusho kimelia? Ulichoandika bado kipo? Basi yafaa. Kama yazunguka tu na kukwambia hakuna intaneti, ifute hapohapo, maana wewe huishi mjini mtandao unakoshinda umejaa, ukishavuka kuelekea Kiwayuu huko utabaki na simu kama jiwe. Keep na Kalenda ya Google waandika bila mtandao na zikipata mtandao zapeleka zenyewe.

6. Soma ruhusa inazoomba.

Apu ya notisi yataka kusoma meseji zako kwa nini? Taa ya tochi yataka namba za watu wako za nini? Kila ruhusa ikija jiulize kama ile kazi yahitaji kitu hicho. Kama haihitaji, kataa, na apu ikikataa kufanya kazi kwa sababu umekataa, ishajieleza yenyewe. Kwenye Play Store tangu 2022 kuna sehemu ya usalama wa data chini ya maelezo ya apu, isome japo kwa juujuu, wanaandika wanachokusanya.

Mambo mawili hapa nayasemea kwa nguvu. La kwanza ni mahali ulipo. Apu za nyakati za swala zahitaji kujua uko wapi, sawa, lakini waweza kuandika "Lamu" kwa mkono na kuzima ruhusa ya mahali. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba apu moja kubwa ya swala, yenye mamilioni ya watu, data za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zaenda kwa kampuni inayouza data, na zikafika kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenyewe wakasema wamekata uhusiano na kampuni ile, lakini ndio hivo. (Na ukishaingia kwenye setingi za apu ya swala, angalia Alasiri imewekwa madhehebu gani. Sisi Shafi. Ikiwa kwa Hanafi utaona Alasiri yake yachelewa sana na adhana ya msikiti ishapita zamani.)

La pili ni zile apu zinazojiita za "kusimamia pesa" ambazo ndani yake ni za mkopo. Wazijua. Zachukua namba zote kwenye simu, ukichelewa siku mbili wampigia mkweo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na tangu 2022 wakopeshaji wa mtandaoni watakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, orodha iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Ukiona apu ya bajeti yaomba namba za watu NA meseji kwa pamoja, itoe.

7. Uliza pesa yake na uliza kesho yake.

"Bure siku saba" maana yake siku ya nane utakatwa. Ukiifuta apu kwenye skrini usajili hauondoki, waendelea kukatwa vilevile, lazima uingie Play Store, bonyeza picha yako juu, malipo na usajili, usitishe huko.

Na apu hufa. Wunderlist ilipendwa sana na watu wa orodha, ikanunuliwa na Microsoft na mwezi wa tano 2020 ikafungwa. Evernote bado iko lakini mwishoni mwa 2023 walibana toleo la bure likabaki na notisi 50 na daftari moja. Kwa hivo kabla hujahamisha maisha yako yote humo tafuta kwenye setingi neno la kutoa au kuhamisha data. Halipo? Basi usiingize kitu ambacho utalia kikipotea.

8. Ingiza kazi zako kama mtu atakayezisoma ni mwengine.

Hili nitakaa nalo kidogo. Angalia mistari hii miwili ya nahodha mmoja:

*safari wazungu*

*Manda Toto, watu 6, kuondoka saa mbili / 08:00 gati ya Shela. Arbuni imeingia, baki 9,000. Samaki kununua jana yake. Mmoja hali samaki.*

Wa kwanza utakuja kuusoma baada ya wiki mbili na hutajua ni wazungu gani. Wa pili hata mwanao akishika simu aenda kufanya kazi. Andika mahali, watu wangapi, saa zote mbili, pesa, na kile kitu kimoja kitakachoharibu kazi kikisahaulika. Kisha eka vikumbusho viwili, kimoja jana yake baada ya Alasiri wakati maduka bado wazi, kimoja saa moja kabla. Kimoja cha dakika kumi kabla hakikusaidii, barafu utaipata wapi dakika kumi kabla.

Mikono ikiwa na hina au na samaki, bonyeza maikrofoni kwenye kibodi ya Google useme. Kiswahili kimo tangu 2017. Kiswahili cha shule chaandikwa vizuri, ukinena Kiamu cha ndani itaandika mambo yake, cheka urekebishe.

9. Punguza kelele.

Ukishaeka vikumbusho vyako, zima arifa za apu zote zilizobaki isipokuwa simu, meseji na hiyo moja uliyochagua. Makundi ya WhatsApp zima sauti, hata la ukoo, hawatajua. Kengele zikiwa hamsini kwa siku hutaisikia ile moja ya maana. Kisha setingi, ustawi wa dijitali, uone kwa siku unakaa muda gani kwenye nini, na waweza kuziwekea mpaka, mfano TikTok dakika arobaini ikifika yafungika. Yafunguka tena ukitaka, si polisi, ila ile kufungika mara moja yakuzindua.

10. Ipe wiki mbili, kisha amua.

Usibadilishe kitu katikati hata ukiona video ya mtu asifu apu nyengine. Wiki mbili zikiisha toa ile karatasi ya hatua ya kwanza, angalia vitu vilivyokuponyoka. Bado vyaponyoka? Ifute, jaribu nyengine. Vimepungua? Baki nayo, na sasa waweza kuchukua tatizo la pili.

Makosa ninayoyaona sana

Kueka apu tatu za orodha kwa pamoja. Kazi moja iko huku nyengine kule, mwisho hakuna uliyoisoma.

Kuchukua apu kwenye makundi, faili la APK (la kueka apu bila kupitia Play Store) limetumwa na mtu, "hii ni premium bure". Usifanye. Pia zile WhatsApp za rangi rangi zisizo rasmi, namba yako yaweza kufungiwa na wateja wote ukawapoteza.

Kuchagua kwa nyota pekee. Soma maoni ya nyota mbili na tatu, hao ndio husema ukweli, wa tano hushangilia na wa moja hutukana.

Kuandika PIN ya M-Pesa kwenye notisi. Mama yangu weye. Hapana.

Kupaka rangi na kupanga lebo siku nzima ukaona umefanya kazi. Hujafanya.

Ikikataa

*Kikumbusho hakilii.* Hili ndilo swali namba moja. Simu nyingi za bei ya chini huua apu zilizoko nyuma ili kuokoa betri. Setingi, apu, chagua hiyo apu, betri, iruhusu bila kizuizi. Kisha tafuta sehemu ya kujiwasha yenyewe na uiwashe kwa hiyo apu, na zile apu za "kusafisha simu" ziache, ndizo zinazoua. Angalia pia kama hukuzima arifa zake hatua ya tisa, na kama simu iko kimya. Kwa kitu ambacho hakifai kukosa kabisa, kama ndege ya Manda, eka alamu ya kawaida kwenye Saa, hiyo ndio husumbua zaidi.

*Kikumbusho chalia saa nyengine.* Rudi hatua ya tatu. Kama hesabu ni sawa, angalia zoni ya saa, iwe Nairobi, GMT+3. Simu zilizokuja kutoka Dubai mara nyingi huja na zoni ya huko, itakuwa mbele saa moja.

*Memori imejaa.* Si apu, ni WhatsApp. Ingia setingi zake, hifadhi na data, simamia hifadhi, panga kwa ukubwa, futa zile video za makundi. Kisha zima kupakua picha na video zenyewe.

*Bando lakatika upesi.* Play Store yapakua apdeti kimyakimya, iambie ipakue kwa wifi tu. Halafu setingi za data, angalia nani mlaji mkubwa, mzuie asile akiwa nyuma.

*Nimebadilisha simu na notisi hazipo.* Ziliandikwa kwenye simu, si kwenye akaunti. Kama simu ya zamani bado yawaka, ifungue, angalia notisi ziko chini ya akaunti gani, zitume Keep moja moja. Kama imeanguka baharini, pole sana.

*Apu ni ya Kiingereza na mamangu hasomi Kiingereza.* Kwenye Android 13 kwenda juu, setingi, lugha, lugha za apu, waweza kumwekea Kiswahili apu hiyo tu na simu ikabaki ilivyo. Kama haina Kiswahili mpe alamu zenye majina, aandike mwenyewe "dawa ya presha", au ajirekodi voisi. Hakuna haja ya zaidi.

*Simu ni moja na sisi ni wawili.* Kalenda moja, rangi mbili, na jina la mwenye kazi mwanzo wa kila mstari. Keep yenye siri ya zawadi ya mtu tafadhali muieke kwengine.